Ina Wati Ngapi?

"Mjomba, hii ina wati ngapi?"

Mpwa wangu alikuwa amesimama mbele ya rafu yenye amplifaya yangu, kile chombo cha kukuza sauti ya muziki, mikono kaiweka nyuma. Ana miaka 19 na sabufa aliyoinunua kwa pesa yake ya kibarua, na kwake hilo ndilo swali la kwanza juu ya chombo chochote cha muziki. Nikamwambia ukweli: ishirini kila upande.

Hakubisha. Aliinama, akaweka kiganja juu ya matundu ya kutolea joto, akakitoa upesi.

"Sasa mjomba, kama inatoa ishirini tu, mbona inachemka hivi? Umeme wote unaenda wapi?"

Nilimweleza mawili matatu kuhusu klasi A, aina ya amplifaya inayokula umeme mwingi muda wote. Akaitikia "sawa, mjomba" kwa adabu ya kijana ambaye hajaridhika. Tukala, akaaga, akaondoka.

Swali lake halikuondoka naye. Lilinijia kwenye foleni ya Ubungo, likanijia nikiingiza namba za LUKU kwenye mita ya umeme, na lilinijia zaidi usiku, muziki ukipiga na fulana ikiwa imenigandia mgongoni.

Namba ya kwenye boksi

Boksi la sabufa yake limeandikwa wati 8,000, na pembeni yake zile herufi nne ambazo kila aliyewahi kuzunguka Kariakoo amekutana nazo: PMPO, kifupi cha Kiingereza cha nguvu ya kilele cha muziki. Nilipowatembelea baadaye niliomba niigeuze nisome kibandiko cha nyuma. Umeme inaotumia: wati 45.

Kinachotoka kwenye spika lazima kwanza kiwe kimeingia kwa waya wa ukutani. Kapasita za ndani zinaweza kulimbikiza kidogo na kukitoa kwa mkupuo, lakini wati 45 hazizai 8,000. PMPO haina kanuni moja inayowabana watengenezaji, kwa hiyo kila mmoja huandika namba itakayouza.

Simlaumu kijana. Mitaani kwetu chombo husifiwa kwa neno moja: kinapiga. Kigodoro kinasikika hadi mtaa wa tatu, baa ya jirani inashindana na baa ya ng'ambo, na kwenye mashindano hayo namba kubwa ina heshima yake. Ila sikio haliendi na hesabu ya boksi. Ukitaka muziki usikike kuwa umeongezeka mara mbili, unahitaji nguvu takribani mara kumi. Mtu akiacha wati 20 akanunua wati 200, amepata desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), yaani sauti iliyozidi mara mbili basi. Wati 40 dhidi ya 20 ni desibeli 3, na hiyo ni nyongeza ndogo tu masikioni.

Kwa hiyo namba yake ni ya karatasi na yangu ni ya kweli. Lakini yeye hakuniuliza kama namba yangu ni ya kweli. Aliniuliza umeme unaenda wapi.

Robo wati

Amplifaya yenyewe ni Luxman L-550AX. Ilikuja kutoka Japani ikiwa imetumika, ndani ya kontena lililobeba vitu vingine, na kwa pesa niliyotoa ningepata pikipiki mpya. Ina uzito wa zaidi ya kilo 20, uso wa alumini, na mita mbili za mshale zinazocheza na muziki. Kampuni iliyoiunda ilianzia Osaka mwaka 1925 ikiwa kitengo cha redio ndani ya duka la fremu za picha, mwaka uleule matangazo ya redio yalipoanza Japani. Inatoa wati 20 kwenye spika za omu 8, wati 40 kwenye omu 4; omu ni kipimo cha spika inavyozuia umeme. Kwa kuwa umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni 230, nyuma ya rafu kuna transfoma ya kushushia umeme, nayo ni nzito kama nini.

Siku moja jioni niliamua kupima badala ya kuendelea kuwaza. Nilichomeka kipima matumizi kati ya soketi na transfoma, kisha nikagusisha multimita, kipimo cha volti, kwenye waya za spika, nikaweka muziki kwa sauti ninayosikilizia kila siku.

Ukutani: kama wati 180.

Kwenye spika: namba ya multimita ilikuwa inapandashuka karibu na volti moja.

Volti moja kwenye spika ya omu 8 ni hesabu rahisi. Moja mara moja, gawanya kwa nane: wati 0.125. Spika mbili, robo wati. Multimita hutoa wastani, na mpiga ngoma akikung'uta kuna vilele vinavyoruka juu zaidi. Haya, zidisha mara ishirini. Bado ni wati tano kwa spika zote mbili, kwa kufumba na kufumbua.

Nilikaa nikazitazama zile namba kwa muda mrefu. Ili spika zangu zipate robo wati, nyumba inatoa wati 180. Zaidi ya mara 700. Kila saa tano na nusu, uniti moja ya umeme inageuka kuwa joto kwenye sebule ya Tabata ambayo haikuwa na upungufu wa joto.

Na jambo hili halitegemei sauti. Ukinyamazisha kabisa, inakula vilevile. Amplifaya ya klasi A hupoa kidogo pale unapoongeza sauti, kwa sababu sehemu ya umeme iliyokuwa inateketea ndani sasa inakwenda kwenye spika.

Wapasua mbao wawili

Ukiwahi kuona mbao zikipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya jukwaa na mwingine shimoni, utaelewa transista za kutolea sauti, vile vipande vinavyosukuma umeme kwenye spika, zinavyofanya kazi. Wimbi la sauti lina nusu ya juu na nusu ya chini. Transista moja inavuta juu, nyingine inavuta chini.

Katika klasi B, kila mmoja anashika msumeno kwenye zamu yake tu. Zamu ikiisha anaachia. Pale kati, wakati mmoja ameachia na mwenzake hajakaza, msumeno unayumba, na mbao inabaki na alama. Katika klasi AB, ambayo ndiyo iko kwenye amplifaya nyingi za nyumbani, wote wawili wanashikilia kidogo pale kati, kisha kila mmoja anaachia mwenzake akivuta. Katika klasi A hakuna anayeachia hata sekunde moja. Wanavuta wote, muda wote, hata mbao ikiwa haipo. Ndiyo maana wanatoka jasho.

Sasa jambo lililonishika. Ile alama ya pale kati haikui sana kadiri sauti inavyokua. Muziki ukiwa mkubwa, inamezwa. Muziki ukiwa mdogo, wimbi lenyewe linakaa jirani na ile sehemu ya kupokezana, na kasoro inakuwa sehemu kubwa ya unachosikia.

Nami nasikiliza kwa robo wati.

Kwa siku kadhaa nilitembea na jibu hilo nikiona limekamilika. Joto linalinda sauti ndogo. Mpwa wangu anasikiliza kwa nguvu, mimi nasikiliza kwa upole, na upole una gharama yake. Nilianza hata kuandika makala nyingine, fupi na yenye uhakika kuliko hii.

Kivuko cha Hoboken

Kilichonizuia ni mtu anayeitwa Harold Black.

Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927 Black, mhandisi wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, alikuwa kwenye kivuko kutoka Hoboken kwenda Manhattan kazini. Kwa miaka alikuwa akisumbuka na simu za masafa marefu: kila baada ya umbali fulani sauti ilihitaji kuongezwa nguvu, na kila kiongeza nguvu kilitia uchafu wake, uchafu juu ya uchafu, mpaka mwisho wa laini maneno hayaeleweki. Katikati ya mto Hudson wazo likamjia. Chukua sehemu ya sauti inayotoka, irudishe mwanzoni ikiwa imegeuzwa, ilinganishwe na iliyoingia, na kosa lijifute lenyewe. Alichora kwenye ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo mkononi. Hataza aliipata mwaka 1937, miaka kumi baadaye, sababu mojawapo ikiwa wengi hawakuamini kwamba kutupa sehemu kubwa ya nguvu yako kunaweza kukupa faida.

Karibu kila amplifaya unayoijua leo inatumia wazo hilo, yangu ikiwemo, nayo sabufa ya mpwa wangu. Na wazo hilo linafuta ile alama ya msumeno kwenye klasi AB iliyotengenezwa vizuri mpaka inabaki chini ya kile sikio la binadamu linachoweza kugusa.

Ikiwa ni hivyo, joto langu linalinda nini?

Mwaka 1978 kampuni ya Quad ya Uingereza ilikusanya wasikilizaji, wakapigiwa amplifaya zake za vizazi vitatu bila kujua ipi ni ipi: Quad II ya valvu, zile taa za kioo za zamani, na 303 na 405 za transista. Hawakuweza kuzitofautisha kwa namna ambayo isingekuwa bahati tu. Mwaka 1985 Bob Carver, fundi wa Marekani, aliwaambia waandishi wa jarida la Stereophile kwamba angeifanya amplifaya yake ya bei nafuu isikike sawa na yoyote ya kifahari watakayoichagua, akafungua vifaa vyake hotelini, akaitengeneza mpaka wao wenyewe wakashindwa kutofautisha.

Nilikuwa nimeyasoma yote haya zamani. Nilikuwa sijawahi kuyaleta sebuleni kwangu.

Kanga juu ya rafu

Nina rafiki ambaye ni fundi mitambo wa matamasha, mtu wa kazi, asiye na ushabiki wa jina lolote. Alikuja na amplifaya ndogo ya klasi D inayoenea kiganjani. Hii transista zake hazishikilii chochote nusunusu: zinawaka kabisa au zinazima kabisa, mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, kisha kichujio kinalainisha mchezo huo uwe muziki. Ukutani inakula chini ya wati 10.

Kwanza tulisikiliza hivihivi, kwa kubadilisha waya. Luxman ilishinda waziwazi. Sauti ilikuwa imejaa, mwimbaji amesogea mbele, vinanda vina mwili. Nilianza kufurahi. Rafiki yangu akatoa multimita, akapiga toni ya majaribio, akanionyesha: Luxman ilikuwa juu kidogo, sehemu ndogo ya desibeli. Tofauti ndogo namna hiyo sikio haliiiti "kubwa zaidi." Sikio huiita "nzuri zaidi."

Akazisawazisha mpaka tofauti ikawa chini ya asilimia moja ya volti. Akatundika kanga ya mke wangu mbele ya rafu, akaanza kubadilisha bila kuniambia, akiandika majibu yangu kwenye daftari.

Nilikaa kwenye kiti changu, na nyimbo zangu, spika zangu, na masikio yaliyoishi na mashine ile kwa miaka.

Sikuweza.

Kuna nyakati nilikuwa na hakika kabisa, na hakika hiyo ilikuwa inaangukia upande wowote. Tulipomaliza akanipa daftari niangalie mwenyewe. Nikalisoma, nikamshukuru, nikachemsha chai. Hatukuongea juu yake tena usiku ule, na hakuona sababu ya kunisanifu, jambo ambalo namheshimu kwalo.

Ukisimama ukaegesha sikio kwenye tuita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ile ndogo ilikuwa na mchirizo mwembamba wa kelele ambao Luxman haina. Kitini, mita tatu nyuma, feni ikizunguka, mchirizo huo haupo.

Usiku, watoto wakilala

Rafiki yangu aliniachia kile kidude nikitumie. Nikakitumia. Hapo ndipo mambo yakageuka, na si kwa jambo nililokuwa nikilitafuta.

Saa tano usiku watoto wamelala. Ninapunguza sauti mpaka pale ambapo mtu wa chumbani hasikii. Nikapunguza kwenye kile kidude, na mwimbaji, aliyekuwa katikati ya spika mbili, akaanza kuhamia kushoto. Nikapunguza zaidi, akahama zaidi. Karibu na mwisho kabisa upande wa kulia ulikuwa umefifia na bendi yote imerundikana kwenye spika moja.

Kila fundi redio anaijua sababu. Ndani ya volyumu ya kawaida kuna njia mbili za kaboni, moja kwa kila upande, na visugulio viwili vinavyotembea juu yake kwa mpini mmoja. Katikati ya mzunguko zinalingana vizuri. Mwanzoni kabisa, ambako kaboni ni ya kukadiria, hazilingani. Anayesikiliza kwa nguvu haoni tatizo hilo maishani mwake, kwa sababu hafiki huko.

Luxman haina volyumu ya namna hiyo. Unapozungusha kile kipande cha alumini, unatuma maagizo tu. Ndani kuna rezista halisi, vipande vya kupunguza umeme, zinazochaguliwa ngazi kwa ngazi, kushoto na kulia kwa usawa. Mwimbaji anakaa katikati hata sauti ikiwa karibu na kimya.

Kumbe tulipozisawazisha amplifaya mbili kwa multimita, tuliondoa kwenye mashindano kitu chenyewe kilichokuwa kinazitofautisha nyumbani kwangu. Jaribio letu lilikuwa la haki, na jibu lake ni la kweli: zile transista zinazotoka jasho hazikunipa kitu nilichoweza kukisikia. Lakini mimi sisikilizi transista. Natumia chombo kizima, kwa saa zangu, kwa sauti yangu.

Kuna la pili. Sauti ikishuka, sikio la binadamu hupoteza besi kabla ya vingine. Fletcher na Munson, nao wa Bell Labs, walilipima hilo wakalichapisha mwaka 1933. Muziki uleule, ukiupunguza, unabaki mwembamba ingawa hakuna kilichoondolewa. Amplifaya nyingi za bei ya juu zimeondoa vidhibiti vya besi na trebo kwa imani kwamba sauti safi haiguswi. Naiona imani hiyo kuwa ya watu wanaoishi kwenye nyumba zisizo na majirani. Luxman imeviacha usoni, na usiku naongeza besi kidogo, na gitaa la besi linarudi mahali pake.

Volyumu na besi. Kwa wiki zile zote nilikuwa nalinda klasi A, na kilichokuwa kimenishika miaka yote ni volyumu na besi.

Bendi iliyokuwa studio

Nataka kusema ninachosikiliza, kwa sababu bila hicho yote haya ni umeme tu.

Nasikiliza dansi la Radio Tanzania Dar es Salaam. DDC Mlimani Park tangu walipoanza 1978, JUWATA, Dar International, Morogoro Jazz. Bendi nzima iliingia studio pale Barabara ya Pugu, ikapiga pamoja, mkanda ukizunguka. Hakuna aliyerudi kesho yake kuweka sauti yake peke yake. Ukiwa na chombo kinachotulia, unaweza kumfuata mtu mmoja wimbo mzima. Mpiga gitaa la ridhimu, kwa mfano, ambaye kwenye redio alikuwa sehemu ya ukuta. Unamsikia akishikilia palepale dakika tatu, nne, wakati solo anazunguka, mpaka wimbo unapoingia chemko, ile sehemu ya kuchezeka, na hapo unagundua kwamba ni yeye aliyekuwa ameushika mlango.

Kisha nikapata shaka nyingine, nayo haijaisha.

Muziki ule haukurekodiwa kwa ajili ya Luxman. Ulirekodiwa urushwe masafa ya kati na masafa mafupi, ufike kwenye redio ya mkulima yenye spika moja na betri zinazochungwa. Kwenye masafa ya kati vituo vimepangwa kila kilohertz 9, kwa hiyo sauti inayopita haivuki sana kilohertz 4 na nusu, na za juu zaidi hukatwa. Mkanda wa studio ulikuwa na zaidi ya hapo. Matoazi ya mpiga dramu, pumzi ya mpuliza saksafoni kabla ya noti, vidole vikiteleza kwenye nyuzi, vyote vilikuwemo, vikakatwa njiani. Baba yangu alisikiliza nyimbo hizi maisha yake yote na hakuwahi kusikia matoazi yale.

Sasa upi ndio wimbo? Ule uliotoka studio, au ule uliofika kijijini, ambao ndio watu waliuchezea, wakaoana nao, wakauimba kwenye mabasi?

Mama alipokuja kukaa nasi nilimpigia wimbo aliokuwa anaupenda. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Ni wenyewe, lakini umekuwa wa mbali." Nilifikiri angesema umekaribia. Nikapunguza trebo, nikapunguza tena, mpaka ile sauti ya juu ikazama. Akasema, "Hapo sawa." Akaanza kuimba sehemu ya kuitikia.

Mimi bado nataka yale matoazi. Na nimeanza kuamini kwamba chombo kizuri ni kile kinachoweza kutupa wimbo wake na wimbo wangu, jioni ileile, bila yeyote kati yetu kuambiwa kwamba anasikiliza vibaya.

Dar si Japani

Upande wa pili wa hesabu ni hali ya hewa.

Kapasita zile za mikebe zina maji ya kemikali ndani yake, na kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, maisha yake yanapungua nusu. Mashine iliyobuniwa ichemke kwenye chumba chenye nyuzi 22 inachemka kwenye chumba chenye 32. Ongeza chumvi ya hewa ya pwani. Ongeza umeme unaopanda na kushuka, ambao kila ukirudi ghafla nasikia relei ya ulinzi, swichi inayoendeshwa na umeme, ndani yake ikilia tik nami nashusha pumzi. Ongeza mijusi, ambao wanapenda sehemu yenye joto, na mjusi akigusa sehemu mbili zisizopaswa kugusana anakufa yeye na kuondoka na kitu cha bei. Huwezi kuziba matundu, maana bila hewa itaungua. Nasubiri ipoe ndipo naifunika.

Kwa upande mwingine ni chombo kinachofunguka. Transista unaziona kwa macho, bodi zina nafasi, fundi mwenye subira anaweza kuzibadili kapasita zote kwa mkono. Ile ndogo ya klasi D karibu yote iko ndani ya chipu moja, ikifa unatupa. Hoja hii ina uzito kwangu. Lakini kila nikiitazama vizuri naona kwamba chombo hiki kinahitaji kutengenezwa kwa sababu ya joto lenyewe ambalo jaribio letu halikuliona na faida.

Relei sita

Kwa hiyo jibu la swali la mpwa wangu nimelipata na nimempigia simu kumwambia: umeme unaenda hewani, mjomba wako analipia joto, na sauti anayoipenda inatoka kwenye sehemu nyingine kabisa ya mashine.

Sehemu hiyo nyingine inaweza kutengenezwa. Rafiki yangu ndiye aliyelisema kwanza. Relei moja kwa rezista zake ni hatua moja ya kupunguza sauti. Relei sita, zikipangwa kila moja ipunguze mara mbili ya iliyotangulia kwa desibeli, zinatoa ngazi 64. Rezista zenye kosa lisilozidi asilimia 1 ni za bei ya vocha, na ukizichagua kwa multimita unaweza kulinganisha kushoto na kulia vizuri kuliko hivyo. Mbele yake tutaweka vidhibiti vya besi na trebo, kwa ajili ya usiku na kwa ajili ya mama. Nyuma yake, ile amplifaya ndogo isiyochemka.

Rezista tumeshapata Kariakoo na tumemaliza kuzichambua. Relei tumeagiza. Boksi linatengenezwa na fundi seremala wa Keko kwa mninga uliobaki kwenye kitanda cha mtu. Tukimaliza tutalipima kwa njia ileile, kanga mbele ya rafu, daftari mkononi mwa mwingine, ila safari hii tutasikiliza saa tano usiku, kwa sauti ya saa tano usiku, kila chombo kikitumia volyumu yake.

Mwimbaji akibaki katikati, Luxman naiuza kabla ya joto la Desemba. Kuna mtu wa Arusha ameshaulizia, na kule juu Julai atafurahi kuwa nayo chumbani.